Mswada Unaanzia Baraza Gani?

Kila ninapopata mswada mpya wa kusoma, uwe wa bunge lolote duniani, jicho langu huenda kwanza kwenye ukurasa wa juu, pale palipoandikwa namba. Mswada wa Kanada wenye herufi C mbele ya namba yake umezaliwa katika Baraza la Makabwela, na wenye herufi S umezaliwa katika Seneti. Wa Marekani huanza na H.R. ukiwa umetoka katika Baraza la Wawakilishi, na S. ukiwa umetoka katika Seneti. Uingereza huweka herufi HL ndani ya mabano ya mraba baada ya jina la mswada ulioanzia kwa Mamwinyi, yaani katika baraza lake la juu. Kwa miaka mingi nilizipita alama hizi nikidhani ni mambo ya makarani wa masjala, mpaka nilipoanza kujiuliza kwa nini kuna aina ya miswada ambayo haionekani kamwe ikiwa na herufi ya upande wa pili. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye andiko hili, na kadiri ninavyolifuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba linastahili kuulizwa na kila mtu anayeishi chini ya sheria.

Wengi wetu hufuatilia bunge siku ya kura. Tunahesabu waliosema ndiyo na waliosema hapana, tunajua upande upi umeshinda, na jambo linaishia hapo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya madaraka huwa imekwisha kutumika kabla ya siku hiyo, kwa mkono wa yule aliyeleta andiko mezani. Anayepiga kura anajibu swali, ilhali anayeleta mswada ndiye aliyeliunda swali lenyewe, akachagua maneno yake, akaamua kipi kiingie na kipi kiachwe nje, na mara nyingi akachagua pia wakati wa kuliuliza. Wote wanaofuata, hata wawe wengi kiasi gani, wanafanya kazi juu ya karatasi ya mwenzao. Wanaweza kukata kifungu, kuongeza kingine au kuukataa mswada mzima, lakini jambo ambalo halikuandikwa kabisa halina wa kulitetea siku ya mjadala.

Mnamo 1656 mwanafikra mmoja wa Uingereza alieleza namna ya kugawa madaraka hayo kwa mfano wa mabinti wawili waliopewa keki moja: mmoja akate, mwenzake achague kwanza. Mkataji akijua kwamba si yeye atakayeanza kuchagua, atakata kwa haki. Basi baraza moja lijadili na kupendekeza, na lingine liamue. Ufaransa ililijaribu wazo la namna hiyo kwa vitendo. Katiba yake ya 1795 ililipa Baraza la Mia Tano haki ya kupendekeza sheria, na Baraza la Wazee, lenye watu 250, likapewa kazi ya kukubali au kukataa andiko zima bila kugusa hata nukta. Miaka minne baadaye, chini ya Napoleon, mgawanyo huo ulisukumwa hadi ukapoteza maana: serikali peke yake ndiyo iliyoleta miswada, chombo kimoja chenye watu 100 kikaijadili bila kuipigia kura, na kingine chenye watu 300 kikaipigia kura bila kufungua kinywa. Mfano wa keki unapendeza, ila unasahau kwamba mwenye kisu anaweza kuamua asikate kabisa. Aliyepewa haki ya kuchagua hana la kufanya na kipande ambacho hakijakatwa.

Mabunge mengi ya leo yenye mabaraza mawili hayafiki mbali kiasi hicho. Kanuni yao ya kawaida ni kwamba mswada unaweza kuanzia upande wowote, kisha hufuata neno “isipokuwa”, na baada ya neno hilo, karibu kila mahali, linakuja jambo moja: fedha.

Chimbuko la hali hiyo ni Uingereza. Mnamo 1671 na 1678 Baraza la Makabwela lilipitisha maazimio yaliyosema kwamba fedha anazopewa Mfalme ni zawadi ya Makabwela peke yao, kwamba miswada ya namna hiyo haina budi kuanzia kwao, na kwamba Mamwinyi hawana ruhusa ya kuibadilisha. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mfuko unaofunguliwa ni wa watu waliowakilishwa katika baraza lile, basi wawakilishi wao ndio wenye haki ya kuufungua. Mamwinyi walibaki na haki ya kukataa, nayo kwa sehemu kubwa ilikaa kama upanga ulioning’inizwa ukutani, hadi Novemba 1909 walipoishusha juu ya bajeti ya waziri wa fedha David Lloyd George kwa kura 350 dhidi ya 75. Chaguzi kuu mbili zikafanyika ndani ya mwaka 1910, na mwaka 1911 ikaja sheria iliyowaachia Mamwinyi mwezi mmoja tu kwa mswada wa fedha. Mwezi ukiisha, wawe wameupitisha au hawakuupitisha, unakwenda kwa Mfalme kupata idhini.

Kanuni hiyo ilisafiri. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba ya Marekani waliifanya sehemu ya mapatano yao: majimbo madogo yakapata Seneti yenye viti sawa kwa kila jimbo, na majimbo makubwa yakafarijiwa kwa ahadi kwamba miswada ya kukusanya mapato itaanzia katika Baraza la Wawakilishi. Kanada iliiweka katika katiba yake ya 1867 na Australia katika kifungu cha 53 cha katiba yake. Nchini India mswada wa fedha unaanzia Lok Sabha, baraza la chini, peke yake, na Rajya Sabha, baraza la juu, ina siku 14 za kuurudisha pamoja na mapendekezo ambayo wenzao hawalazimiki kuyafuata. Japani inaitaka bajeti ianzie katika Baraza la Wawakilishi. Kenya, katika katiba yake ya 2010, inasema mjumbe au kamati ya baraza husika inaweza kuwasilisha mswada, lakini mswada wa fedha uwasilishwe katika Bunge la Taifa tu.

Ndani ya mlango huo wa kwanza kuna mlango wa pili ambao hautajwi sana. Hata katika baraza lenye haki ya kuanzisha miswada ya fedha, mara nyingi mjumbe wa kawaida hana ruhusa ya kuileta. Uingereza ina kanuni ya tangu 1713 kwamba Makabwela hawapokei ombi la matumizi ya fedha za umma lisilopendekezwa na Taji, maana yake serikali. Nchini Afrika Kusini ni waziri wa fedha peke yake anayewasilisha mswada wa fedha. Ibara ya 40 ya katiba ya Ufaransa inayakataa mapendekezo ya wabunge yanayopunguza mapato ya umma au kuongeza mzigo wa matumizi. Tanzania haina baraza la pili katika Bunge lake la Muungano, lakini mlango huu inao: ibara ya 99 ya katiba inalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kodi na matumizi isipokuwa Rais ametoa pendekezo, na pendekezo hilo likawasilishwa na Waziri. Ukiiweka milango hii miwili pamoja unaona kwamba tunaposema fedha ni mali ya baraza la chini, mara nyingi tunamaanisha ni mali ya serikali inayoketi katika baraza hilo.

Sina ugomvi na kanuni yenyewe. Anayetoza kodi awe ni mtu anayeweza kuondolewa na walipa kodi. Hilo nalikubali kwa moyo mzima. Wasiwasi wangu unaanza pale swali linapobadilika na kuwa: fedha inaanzia wapi? Ni sheria chache sana zisizogharimu kitu. Ukianzisha tume unahitaji ofisi, ukiweka kosa jipya la jinai unahitaji askari, hakimu na mahabusu, na ukimpa mgonjwa haki yoyote lazima pawe na daktari wa kuitimiza. Kanuni ikisomwa kwa upana wake wote, baraza la pili halitaweza kuanzisha chochote.

Waingereza walilitatua tatizo hilo kwa njia ambayo mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Mswada unaoanzia kwa Mamwinyi, kama unagusa fedha, huongezewa maneno karibu na mwisho yanayosema kwamba hakuna chochote katika sheria hii kitakachowatwisha watu mzigo wala kuugusa mfuko wa umma. Kila anayeyasoma anajua kwamba si kweli, kwa kuwa vifungu vilivyotangulia vinaonyesha gharama wazi. Mswada unavuka kwenda kwa Makabwela ukiwa na kanusho hilo, na huko, katika hatua ya kamati, kanusho linafutwa kimyakimya. Kwa njia hiyo Mamwinyi hawakuomba fedha, na Makabwela ndio walioruhusu gharama, kwa kufuta mstari mmoja. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na naona ndani yake heshima ya kweli: mabaraza mawili yamekubaliana kulinda haki ya mmoja bila kumnyima mwingine kazi.

Marekani njia ni nyingine, na hiyo hainipendezi. Katika Baraza la Wawakilishi mjumbe huwasilisha mswada kwa kuutumbukiza katika kisanduku cha mbao kilichopo kwenye meza ya karani. Seneti haiwezi kuanzisha mswada wa mapato, lakini katiba inairuhusu kuurekebisha kama mswada mwingine wowote. Basi Seneti huchukua mswada uliokwisha kutoka katika kisanduku kile, hufuta kila neno baada ya maneno ya utangulizi, na kuandika sheria mpya ndani ya ganda lile lile. Sheria kubwa ya bima ya afya iliyotiwa saini Machi 2010 ilipita ndani ya mswada H.R. 3590, ambao ulipotoka katika Baraza la Wawakilishi Oktoba 2009 ulikuwa mswada mdogo wa nafuu ya kodi kwa wanajeshi wanaonunua nyumba. Namba ilibaki, na ndani hakukubaki chochote cha awali. Nayatazama hayo bila kuijadili sheria yenyewe, ambayo iliwafikia watu wengi waliokuwa hawana bima. Ninachosema ni kwamba namba iliyoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza ilipaswa kumwambia msomaji ukweli kuhusu wapi andiko limetoka, na haikumwambia. Kwa upande mwingine, Baraza la Wawakilishi likiona Seneti imevuka mpaka kwa uwazi, huurudisha mswada pamoja na azimio lililochapishwa kwenye karatasi ya rangi ya buluu. Karatasi hiyo huzuia mengi kabla hata haijatumwa, kwa kuwa watu wa Seneti wanajua kwamba ipo.

Uzito wa mpaka huu niliuhisi mwenyewe nilipokuwa nikisaidia kikundi kidogo cha wananchi kuandika rasimu ya mswada. Tulikuwa na vifungu 14, na mjumbe mmoja wa baraza la juu alikuwa ameahidi kuuwasilisha. Aliusoma mbele yetu, kalamu mkononi, akafika kifungu cha tisa akasimama. Kifungu hicho kilisema wajumbe wa kamati ya usimamizi watalipwa posho. Akatuambia kwa upole kwamba neno hilo moja linautoa mswada katika mikono yake, kwa sababu posho inatoka hazina, na hazina si ya baraza lake. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe tulilifuta neno hilo, tukaandika kwamba kamati itafanya kazi kwa kujitolea, na kila mmoja wetu alijua kwamba tumeidhoofisha kamati ili mswada upate pa kuzaliwa.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Australia nikakumbuka jioni ile. Mwishoni mwa 2018 Seneti ya nchi hiyo iliongeza ndani ya mswada wa serikali vifungu vya kuwawezesha wakimbizi wagonjwa waliokuwa wakishikiliwa katika visiwa vya Nauru na Manus kuletwa Australia kutibiwa, kwa ushauri wa jopo la madaktari. Mswada uliporudi katika Baraza la Wawakilishi, ukatolewa ushauri wa kisheria kwamba marekebisho hayo yanakiuka kifungu cha 53, kwa kuwa madaktari wa jopo wangelipwa kutoka hazina, na Seneti haina haki ya kuanzisha malipo ya namna hiyo. Jibu la waliouunga mkono lilikuwa kuandika kwamba madaktari hawatalipwa. Tarehe 12 Februari 2019 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 75 dhidi ya 74, serikali ikashindwa ndani ya baraza lake yenyewe. Jambo la uhai wa wagonjwa lilikaribia kukwama juu ya ujira wa madaktari wachache.

Ndiyo maana nasema kwamba kanuni ya nani aanzishe nini haina nguvu kubwa kama swali linaloifuata: nani anatamka kwamba mswada huu ni wa aina gani? Anayepewa kazi ya kuupa mswada jina ndiye anayeshika ufunguo, na ajabu ni kwamba katiba nyingi zimeandika kanuni kwa uangalifu mkubwa kisha zikaukabidhi ufunguo kwa mtu mmoja. Uingereza ni Spika wa Makabwela anayethibitisha kwamba mswada ni wa fedha. Sheria ya 1911 inamtaka, ikiwezekana, awashauri wajumbe wawili wazoefu kabla ya kutia saini, na cheti chake hakihojiwi mahakamani. Huko kazi hiyo imefanywa kwa uadilifu kwa muda mrefu, na sheria inafafanua mswada wa fedha kwa maneno finyu, kwa hiyo malalamiko ni machache.

India iliichukua kanuni hiyo ikaiweka katika mazingira yenye ushindani mkali zaidi. Mwaka 2016 serikali, ambayo haikuwa na wingi wa viti katika Rajya Sabha, iliwasilisha mswada wa Aadhaar, mfumo wa namba za utambulisho unaotumia alama za vidole na mboni za macho, ukiwa umepewa jina la mswada wa fedha. Hoja ilikuwa kwamba namba hizo zitatumika kugawa misaada inayolipwa na mfuko mkuu wa serikali. Rajya Sabha ilipendekeza marekebisho kadhaa, na Lok Sabha ikayakataa siku hiyo hiyo. Mahakama Kuu Kabisa iliukubali utaratibu huo mwaka 2018 kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, na huyo mmoja, Jaji Chandrachud, aliandika kwamba kupitisha mswada wa namna ile kwa jina la fedha ni kuilaghai katiba. Mwaka uliofuata mahakama hiyo hiyo iliona kwamba swali hilo linahitaji jopo kubwa zaidi la majaji. Mimi nasimama na yule mmoja. Mswada unaogusa mwili na siri za kila mwananchi haugeuki kuwa wa fedha kwa sababu tu kuna fedha mahali fulani ndani yake, na baraza lililoundwa kusikiliza majimbo halikupaswa kuachwa na siku 14 na mapendekezo yasiyofungamanisha.

Kenya ilijaribu njia ya kutomwachia mtu mmoja. Ibara ya 110 inawataka maspika wa mabaraza yote mawili waamue kwa pamoja kama mswada unahusu kaunti, kwa sababu usiohusu kaunti haupiti katika Seneti kabisa. Hata hivyo, mwaka 2013 Bunge la Taifa liliupeleka Mswada wa Ugavi wa Mapato kwa Rais bila kukubaliana na Seneti, na Mahakama ya Juu ikatoa ushauri tarehe 1 Novemba mwaka huo kwamba Seneti ilikuwa na haki ya kushiriki. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa batili sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, uamuzi ambao ulikatiwa rufaa. Unaweza kusema njia hiyo imeshindwa kwa kuwa imezaa kesi. Mimi naiona tofauti. Kesi zilifika mahakamani kwa sababu katiba iliwapa maseneta mahali pa kushika. Pasipokuwa na mahali pa kushika, mabaraza ya pili hunyimwa kazi bila hata kelele.

Afrika Kusini ndiyo inayonifundisha zaidi kuhusu bei ya jina lisilo sahihi. Huko kila mswada hubandikwa alama kabla ya kuanza safari, na alama hiyo huamuliwa kwa pamoja na viongozi wa mabaraza yote mawili wakishauriwa na wanasheria wa bunge. Mswada wa kifungu cha 75 hauhusu majimbo, na Baraza la Taifa la Majimbo likiukataa, Bunge, yaani baraza la chini, linaweza kuupitisha tena kwa wingi wa kawaida. Mswada wa kifungu cha 76 unahusu majimbo, kila jimbo kati ya tisa lina kura moja, mzozo hupelekwa kwenye kamati ya upatanisho, na kulipuuza baraza hilo kunahitaji theluthi mbili. Sheria ya haki za ardhi ya jamii ya mwaka 2004 ilibandikwa 75. Jamii nne ambazo ardhi yao iliguswa zilikwenda mahakamani, na Mei 2010 Mahakama ya Katiba ikasema kwamba mswada unaogusa ardhi inayotawaliwa kwa mila, na kwa kiasi kikubwa kazi za majimbo, ulipaswa kubandikwa 76. Sheria nzima ikaanguka, miaka sita baada ya kupitishwa, kwa sababu ya alama iliyowekwa kabla ya mjadala wa kwanza. Majaji walisisitiza kwamba kuchagua njia ya mswada si jambo la urasimu, kwa kuwa njia hiyo ndiyo inayoamua ni sauti za nani zitasikika na kwa uzito gani.

Nimezungumza sana kuhusu kunyimwa. Zipo pia katiba zinazolipa baraza la pili mlango wake lenyewe, ingawa mlango huo huwa mwembamba. Ufaransa, tangu marekebisho ya 2003, miswada inayohusu hasa muundo wa serikali za mitaa huanzia katika Seneti, kwa kuwa maseneta huchaguliwa kwa sehemu kubwa na madiwani. Afrika Kusini, mjumbe au kamati ya Baraza la Taifa la Majimbo anaweza kuwasilisha baadhi ya miswada inayohusu majimbo. Ujerumani, Bundesrat, baraza la majimbo, ina haki kamili ya kuanzisha mswada, na wa serikali hupitia kwake kwanza ili itoe maoni ndani ya wiki sita. Uswisi na Italia zimeyaweka mabaraza yao sawa. Uholanzi ndiyo iliyo upande wa mwisho kabisa: baraza lake la juu, lenye wajumbe 75, haliwezi kuanzisha wala kurekebisha, linasema ndiyo au hapana. Linapotaka badiliko hulazimika kulidokeza mpaka mswada mwingine wa marekebisho uletwe kupitia baraza la chini, na mpaka uje, ule wa kwanza hungoja.

Kuna desturi moja inayonigusa kila ninapoifikiria. Kila kikao kipya cha bunge la Kanada kinapofunguliwa, kabla wajumbe hawajaanza kuijadili hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Taji, Seneti huusoma mswada S-1 unaohusu reli, na Baraza la Makabwela huusoma C-1 unaohusu viapo vya ofisi. Husomwa mara ya kwanza tu, na hakuna anayekusudia kuiendeleza. Uingereza ina jozi yake ya namna hiyo, mmoja kila baraza. Miswada hiyo inasema neno moja mbele ya Mfalme: tutayashughulikia uliyotuletea, lakini kwanza tunaanza na letu. Ningependa kila anayejifunza mambo ya bunge aonyeshwe dakika hiyo kabla ya kuonyeshwa kura yoyote.

Haki hiyo ya kuanza na letu ni ya baraza, na ndani ya baraza kuna mtu mmoja mmoja. Hapa napo mabunge hutofautiana. Mjumbe wa Marekani ana kisanduku chake na hahitaji ruhusa ya yeyote. Mjumbe wa Bundestag, baraza la chini la Ujerumani, lazima apate kundi la bunge au asilimia 5 ya wenzake. Japani inataka watu 20 katika baraza la chini na 10 katika la juu, na mswada unaohitaji bajeti unataka 50 na 20. Uingereza hupiga kura ya bahati nasibu na kuchomoa majina 20 ya wabunge watakaopewa kipaumbele kwa miswada yao binafsi, katika siku 13 za Ijumaa kwa kikao. Ninaelewa sababu za vizuizi hivi, kwa kuwa muda wa bunge ni mdogo. Kisichoeleweka kwangu ni kizuizi kinachowapa walio wengi haki ya kuamua kama mswada wa aliye peke yake uonekane au usionekane.

Ndivyo ilivyokuwa Afrika Kusini, ambako kanuni za Bunge zilimtaka mjumbe aombe idhini ya Bunge kabla ya kuwasilisha mswada wake. Mario Oriani-Ambrosini, mbunge wa chama kidogo cha upinzani, alikataa kuomba, akasema katiba imempa haki hiyo yeye mwenyewe. Oktoba 2012 Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi: kifungu cha 73 kinapomtaja mjumbe wa Bunge kinamaanisha kila mjumbe, na kanuni za ndani haziwezi kuigeuza haki hiyo kuwa fadhila ya walio wengi. Mapema 2014, akiwa mgonjwa wa saratani ya mapafu na mwili umekwisha kukonda, alisimama bungeni kuzungumzia mswada wake wa kuruhusu bangi itumike kama tiba, akauwasilisha kwa jina lake. Alifariki Agosti mwaka huo, mswada ukiwa bado haujapigiwa kura.